Jumapili Kigali Barabara ni ya Baiskeli; Jumatatu Je?

Saa moja kamili ya asubuhi, siku ya Jumapili, askari wa usalama barabarani mjini Kigali anaweka kizuizi katikati ya barabara ya lami. Teksi inarudi nyuma. Pikipiki inarudi nyuma. Gari kubwa la fahari lenye vioo vyeusi nalo linarudi nyuma. Baiskeli inapita.

Ndugu msomaji, mimi nimepanda baiskeli kwenda kazini tangu nilipokuwa kijana wa zamu ya usiku, na katika miaka yote hiyo sikupata kuona gari likisimamishwa ili baiskeli ipite. Nilizoea kinyume chake: honi nyuma ya kisogo, kisha mimi kujitupa kwenye majani pembeni. Kwa hiyo Julai 2025, nilipopata likizo yangu, nilipanda basi la usiku kutoka Kampala kwenda kujionea jambo ambalo wenzetu wa Rwanda walikuwa wakilisimulia. Ningekwenda mapema zaidi, lakini mpaka wa Gatuna ulifungwa Februari 2019 na haukufunguliwa hadi Januari 2022, na baada ya hapo, kama mjuavyo, likizo ya mfanyakazi haifuati moyo wake.

Jambo lenyewe huitwa Siku Bila Magari. Halmashauri ya mji wa Kigali iliianzisha Mei 2016. Mwanzoni ilikuwa mara moja kwa mwezi, baadaye ikawa mara mbili. Jumapili hiyo barabara kadhaa kubwa hufungwa kuanzia saa moja hadi saa nne asubuhi, na watu hutoka kukimbia, kutembea, kufanya mazoezi ya viungo na kuendesha baiskeli. Wauguzi huweka meza na kupima shinikizo la damu na sukari bila malipo. Rais wa nchi mwenyewe ameonekana humo zaidi ya mara moja. Siku hiyo haina kiingilio wala kadi ya mwaliko.

Kwanza nilichelewa kuelewa saa. Saa yangu ilisema saa mbili, na nilidhani sehemu ya uhondo imenipita, kumbe Rwanda iko nyuma yetu kwa saa nzima. La pili lilikuwa la hatari zaidi. Kule gari na baiskeli hushika mkono wa kulia, si wa kushoto kama kwetu Uganda. Niliazima baiskeli kwa jamaa mmoja wa Nyamirambo, mtaa wa zamani wa Waislamu ambako Kiswahili husikika kila kona (na tangu 2017 Kiswahili ni lugha rasmi ya nchi ile), na kabla sijafika mbali nilikuwa nimeshajikuta upande usio wangu mara mbili. Mwenye baiskeli alinikimbilia akipiga kelele. Namshukuru Mungu kwamba siku yenyewe haikuwa na magari.

Kisha ni vilima. Kigali imejengwa juu ya vilima, katika kimo cha mita 1,500 na zaidi kutoka usawa wa bahari, na mtu aliyezoea barabara za Jinja kando ya ziwa asijidanganye. Kiangazi cha Juni hadi Agosti anga huwa kavu, vumbi jekundu hutulia juu ya majani, na asubuhi kuna baridi ya kutosha kumfanya mtu avae koti. Mlima mmoja tu unatosha kulivua koti hilo. Baiskeli yangu ya kuazima ilikuwa Phoenix ya chuma isiyo na gia, tandiko lake likiwa limeshonwa kwa kamba. Nilishuka nikaikokota. Msichana wa miaka kama kumi alinipita juu ya kibaiskeli cha rangi ya waridi, akaniamkia kwa adabu zote, akaendelea kupanda.

Nilichokiona juu ya kilima sitakisahau upesi. Barabara nzima ilikuwa imejaa watu. Vijana wa vilabu wenye kofia ngumu na fulana za kubana walipita kwa kundi kama nyuki. Mama mmoja alikuwa akijifunza kuendesha, mumewe akishika karia kwa nyuma na kumwambia asitazame gurudumu. Wazee wa makamo walijipanga mistari kama askari wa gwaride wakinyoosha mikono kwa amri ya mwalimu mwenye kipaza sauti. Kulikuwa na kelele, ila si kelele ya injini. Niliweza kusikia mnyororo wa baiskeli yangu ukilia, nikatambua kwamba unahitaji mafuta, jambo ambalo barabarani kwetu mtu hulijua siku mnyororo unapokatika.

Hata hivyo mimi ni mwanachama wa chama cha wafanyakazi, na jicho langu lina tabia ya kutafuta nani hayupo. Mlinzi wa usiku wa hoteli aliyekuwa akitoka zamu saa ile alisimama kidogo kutazama, kisha akaendelea na safari kwa miguu, kwa kuwa alitaka kulala. Na wanyonzi sikuwaona.

Mnyonzi ni jina la Kinyarwanda la mtu afanyaye kazi ya kubeba watu na mizigo kwa baiskeli. Wasomaji wetu wa Busia na Malaba hawahitaji kuelezwa kazi hiyo, kwa sababu neno bodaboda lenyewe lilizaliwa kwa baiskeli zilizokuwa zikivusha watu kutoka kituo cha mpaka hadi kingine, kabla pikipiki hazijalichukua jina. Kwa wenzetu wa Rwanda kazi hiyo ingali hai. Nje ya mji utamwona mnyonzi na mikungu ya ndizi mitano, mitungi ya maziwa, magunia ya viazi, au abiria aliyekaa kwenye mto wa sponji juu ya karia. Akipanda mlima huisukuma kwa bega. Akishuka huomba breki zisimwangushe. Wengine hujishikiza nyuma ya lori ili livute, na desturi hiyo imewaua wengi. Basi siku ya baiskeli mjini, mtu anayeishi kwa baiskeli hayumo. Silisemi hili kwa kuwalaumu waandaaji, maana mnyonzi naye Jumapili ana mizigo ya kanisani na ya gulioni. Nalisema kwa kuwa nililiona.

Na ni mnyonzi huyo huyo aliyeifanya Rwanda ijulikane katika mchezo huu. Tour du Rwanda, yaani mzunguko wa nchi nzima kwa baiskeli, ulianza mwaka 1988, na tangu 2009 umo katika kalenda ya shirikisho la kimataifa la mchezo huo. Abraham Ruhumuriza, aliyeushinda mara kadhaa katika miaka ya 2000, alikuwa amebeba abiria kwa baiskeli kabla ya kubeba vikombe. Adrien Niyonshuti alikwenda London mwaka 2012, akabeba bendera ya nchi yake katika ufunguzi wa Olimpiki na kushindana katika mbio za baiskeli za milimani. Valens Ndayisenga alishinda mzunguko huo mwaka 2014 na tena 2016. Miguu iliyojengwa na mizigo ya viazi haikuhitaji kufundishwa maana ya mlima. Ilihitaji baiskeli nzuri, chakula na mtu wa kuisimamia.

Nilipokuwa pale Julai, mji ulikuwa ukijiandaa kwa jambo kubwa zaidi. Kuanzia tarehe 21 hadi 28 Septemba 2025, Kigali ilipokea mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ambayo hayakuwa yamefanyika Afrika hata mara moja tangu yalipoanza miaka ya 1920. Nilikuwa nimerudi kazini wakati huo, tukayatazama kwenye televisheni ya kibanda cha chai nje ya lango la kiwanda. Upande wa wanawake alishinda Magdeleine Vallieres wa Kanada, ambaye pale kibandani hakuna aliyekuwa amemtaja. Mbio za wanaume zilikuwa za kilomita 267.5, zikipanda na kushuka vilima vile vile vilivyoniaibisha mimi na Phoenix yangu, na Tadej Pogačar wa Slovenia akazishinda peke yake. Waliofika mwisho walikuwa 30 tu, kati ya zaidi ya 160 walioanza. Tulipoona wataalamu wa Ulaya wakiacha njiani, fundi mmoja wa karakana alicheka sana, akasema wangejaribu na gunia la mkaa nyuma.

Wiki ile shule za Kigali zilifungwa, na watumishi wa serikali wakaambiwa wafanye kazi nyumbani ili barabara zibaki wazi. Ni sawa, wageni ni wageni. Lakini ndugu zangu, mashine ya kusokota nyuzi haibebeki kwenda nyumbani, wala jani la chai halichumwi kwa simu. Kila mji unapofunga barabara kwa sherehe, tuulize mapema: mtu wa zamu atapita wapi, na asipofika, siku yake italipwa na nani? Swali hilo huulizwa kabla ya sherehe. Likiulizwa baadaye huwa ni manung'uniko tu.

Msomaji ataniuliza kama mambo haya ni ya Rwanda peke yake. La. Wenyeji wa Bogotá, mji mkuu wa Kolombia, walianza kufunga barabara zao mwaka 1974, na mpaka leo kila Jumapili zaidi ya kilomita 100 za barabara huachiwa watu wa baiskeli na wa miguu kuanzia asubuhi hadi saa nane mchana. Addis Ababa ilianza siku yake mwishoni mwa 2018. Kampala ilitenga barabara za Luwum na Namirembe kwa ajili ya waendao kwa miguu na baiskeli, ingawa atakayepita pale mchana atahitaji subira. Jirani mwingine alishika njia tofauti: Machi 2022 serikali ya Burundi ilizikataza baiskeli, pikipiki na bajaji katika sehemu kubwa ya mji wa Bujumbura, ikitaja ajali kuwa sababu. Ajali zilikuwapo kweli. Lakini aliyeondolewa barabarani alikuwa yule anayegongwa, na mfanyakazi aliyekuwa akifika kazini kwa baiskeli yake alibaki na miguu yake.

Hapo ndipo ninapotaka tuzungumze kwa kirefu kidogo, kwa kuwa Jumapili huisha saa nne, lori likarudi na Jumatatu ikafika.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 1.19 walikufa kwa ajali za barabarani duniani. Zaidi ya nusu yao walikuwa waenda kwa miguu, wapanda baiskeli na wapanda pikipiki. Afrika ina asilimia 15 ya watu wa dunia na asilimia 3 tu ya magari yake, lakini asilimia 19 ya vifo hivyo hutokea kwetu. Mwenye gari ni mmoja, na wanaokufa pembeni mwake ni wengi.

Mimi nilinusurika kuwa mmoja wao. Ilikuwa mwaka 2004, nikienda zamu ya usiku katika kiwanda kimoja ambacho sitakitaja. Barabara haikuwa na pembezo, baiskeli haikuwa na taa (dinamo ilikuwa imeibwa wiki iliyotangulia), na kioo cha ubavuni cha lori kilinipiga begani. Mtulinga ulivunjika. Nilikaa nyumbani wiki sita. Niliporudi na karatasi ya hospitali, karani wa ofisi ya wafanyakazi aliniambia kwamba sikuwa nimepita lango, kwa hiyo sikuwa kazini, na kwa hiyo kiwanda hakihusiki. Alilisema kwa upole, na mimi nilimwamini. Nilimshukuru, nikaenda kukopa.

Ilichukua miaka mitatu kabla ya ndugu mmoja wa tawi letu kunisomea Sheria ya Fidia ya Wafanyakazi ya Uganda ya mwaka 2000. Ndani yake imeandikwa kwamba mfanyakazi akiumia kwa ajali alipokuwa akisafiri moja kwa moja kwenda kazini au kutoka kazini, ajali hiyo huhesabiwa kuwa imetokea katika kazi. Sheria haisemi lazima awe ndani ya gari la kampuni. Aliye juu ya baiskeli yake mwenyewe yumo pia. Sheria ilikuwa na umri wa miaka minne siku nilipoanguka, na mimi nilikuwa sijui kwamba imezaliwa.

Lakini kuna fundo, na nitalisema bila kuficha. Ni juu ya mfanyakazi kuonyesha kwamba safari yake ilikuwa ya moja kwa moja. Jioni ile mimi nilikuwa nimekata kushoto kwenda kwenye duka la dawa kumchukulia mtoto dawa ya homa, nikaipeleka nyumbani kwa dada yangu, ndipo nikarudi barabara kuu. Je, hiyo ni moja kwa moja? Nimewauliza watu wawili wanaojua sheria, nikapata majibu mawili. Huenda ningeshinda, huenda ningeshindwa. Ila ningedai, na karani yule angelazimika kujibu kwa maandishi.

Majirani wana sheria zinazotofautiana. Rwanda huhesabu ajali ya njiani kuwa ya kazi, kama zifanyavyo nchi nyingi zilizorithi sheria kwa Wafaransa na Wabelgiji. Kenya, katika sheria yake ya mwaka 2007, imetaja safari ya chombo kilichotolewa na mwajiri mahsusi kwa kuwachukua wafanyakazi, na aliye juu ya baiskeli yake hakutajwa. Mkataba namba 121 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1964, unaitaka kila nchi iliyoukubali ieleze ni lini ajali ya njiani ni ajali ya kazi. Ndugu zetu wanaovuka mpaka kwa ajili ya kazi wasidhani haki iliyo upande huu inawafuata upande wa pili.

Sasa kiangazi kijacho tufanye nini? Umoja wa Mataifa uliamua mwaka 2018 kwamba tarehe 3 Juni iwe Siku ya Baiskeli Duniani. Kwetu Uganda hiyo ni sikukuu ya Mashahidi, siku ya mapumziko, na wako wanaokwenda Namugongo kwa baiskeli kutoka mbali sana, tena bila kujua kwamba dunia nayo inaadhimisha. Anayekwenda kuhiji aende. Lakini Jumapili inayofuata, matawi ya viwandani na mashambani yanaweza kutoka pamoja, kundi moja, kwa njia ile ile watu wanayoitumia kwenda kazini, kutoka mabomani hadi langoni. Polisi wapewe taarifa mapema kwa barua. Msiende mbio, mwendo uwe wa yule wa nyuma kabisa. Fundi wa pancha awemo na pampu yake, viraka na gundi, na alipwe kutoka mfuko wa tawi, asije akawa ndiye pekee anayefanya kazi ya bure siku ya furaha.

Kabla ya kutoka, tazameni breki zote mbili, maana wengi wetu tuna moja na tumeizoea. Funga suruali kwenye mguu wa upande wa mnyororo. Weka kitu chekundu chenye kung'aa nyuma, hata kama ni kipande cha kibati cha lori. Na dada zetu wa mashamba ya chai wasiambiwe wabaki kupika. Kigali niliona wanawake wengi juu ya tandiko na mji haukuanguka.

Njiani, kila mahali palipo pabaya, simameni. Daraja jembamba, kona isiyoonekana, mahali pa lami iliyoliwa pembeni, pale mwenzetu alipogongwa: mmoja aandike. Orodha hiyo ipelekwe kwa mwajiri na kwa wilaya ikiwa na sahihi za wote waliopita siku ile. Mwajiri anayepewa barua ya watu arobaini waliopima barabara kwa magurudumu yao atapata taabu kusema hakujua.

Kazi nyingine haingojei kiangazi. Kila mpanda baiskeli achore kwenye karatasi njia yake ya kila siku kutoka mlangoni hadi langoni, aandike dakika anazotumia, kisha mwakilishi wa tawi atie sahihi na tarehe na kuitunza. Siku ya balaa, karatasi hiyo itazungumza wakati mwenyewe amelazwa. Yangu nimeichora. Ina mto mmoja, kona mbili na kanisa. Duka la dawa nalo nimelitia, kwa mstari wa nukta nukta, na pembeni nimeandika kwamba ni njia yangu ya kawaida kila Jumanne.